Jibini la Masisi: Historia ya Malisho, Ng'ombe na Barabara Mbovu

Mwaka 1938 ubavu wa mlima Nyamulagira ulipasuka. Lava ilitiririka, ikala msitu uliokuwa mbele yake, ikateremka mpaka ikaingia Ziwa Kivu karibu na Sake. Mlima haukutulia hadi 1940. Anayetoka Goma kwenda Sake leo, safari ya kilomita 25 hivi, anapita juu ya mawe meusi ya milipuko ya namna hiyo, mingine ya zamani, mingine ya juzi. Akifika Sake barabara inaanza kupanda, mawe meusi yanabaki nyuma, na ghafla kila kitu ni kijani. Huko juu, wilayani Masisi, mashariki mwa Kongo, ndiko Mushaki, ndiko Karuba, ndiko Ngungu: vilima vya malisho vimepangana, ng'ombe wametapakaa ubavuni, na ua wa miti ukigawa ardhi ya huyu na ya yule.

Mwaka mmoja kabla ya lava hiyo, yaani 1937, kazi nyingine ya kuigeuza nchi ilikuwa imeanza, nayo haikutoa moshi. Serikali ya kikoloni ya Wabelgiji iliunda idara ya kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta Masisi. Wapo wanaodhani historia ya jibini la Masisi, lile ambalo Kinshasa linauzwa kwa jina la jibini la Goma, huanza na padre mwenye sufuria. Mimi naona inaanza hapo, 1937, kwenye orodha za makarani.

Wageni waliopita huku enzi za ukoloni waliipenda nchi hii wakaiita Uswisi ya Afrika. Jina hilo limedumu. Hata vijana wa Goma hulitumia wanapoweka picha za vilima hivi kwenye simu zao. Mimi silipendi. Linamfanya mtu afikiri kwamba nyasi hizi ziliumbwa pamoja na mlima, na kwamba ng'ombe walikuwapo tangu asubuhi ya dunia. Sivyo. Sehemu kubwa ya vilima hivi ilikuwa msitu na mashamba ya Wahunde, wakulima wa migomba, mtama na maharagi. Ardhi ilikuwa chini ya mwami, na aliyetaka kulima aliipata kwa wakuu wa kimila, akatoa ushuru wake, akahesabiwa kuwa mtu wa mahali hapo. Ng'ombe hawakuwa msingi wa maisha.

Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu, shirika lililopewa mamlaka juu ya eneo kubwa sana la Kivu ili liligawe kwa walowezi wa Kizungu. Walowezi walitaka kahawa, chai na pareto, na mashamba hayo yalitaka mikono. Upande wa pili wa mpaka, Rwanda ilikuwa imejaa watu na ilikuwa imeonja njaa kali ya 1928 na 1929. Kwa wakoloni hesabu ikawa nyepesi: huku kuna ardhi, kule kuna watu, basi wahamishwe. Kufikia 1955 watu wapatao 85,000 walikuwa wameletwa kwa utaratibu huo, mbali na wale waliovuka kwa miguu yao wenyewe, hasa baada ya njaa nyingine iliyoipiga Rwanda mnamo 1943 na 1944.

Eneo la Gishari lilichukuliwa kutoka mikononi mwa Wahunde, enzi za Mwami André Kalinda, likawekwa chini ya chifu wa Kinyarwanda. Mwaka 1957 utawala huo wa Gishari ukavunjwa na ardhi ikarudishwa chini ya mamlaka ya Wahunde. Watu, bila shaka, hawakurudishwa popote. Wengi walikuwa wamezaa na kuzika hapo. Swali la nani ni mwenyeji na nani ni mgeni likaachwa wazi miaka mitatu tu kabla ya uhuru, na waliolianzisha wakafunga virago kwenda Ubelgiji.

Mapigano ya miaka ya 1960, yale yanayoitwa vita vya Kanyarwanda, yalikuwa jibu la kwanza la damu. Sitakaa hapo. Kwa historia ya jibini, mwaka wenye uzito zaidi ni 1973. Julai mwaka huo sheria mpya ya ardhi ilitangaza kwamba ardhi yote ya Zaire, jina la Kongo wakati huo, ni ya dola. Ile ya kimila ikabaki ikining'inia, haina hati na haina mtetezi. Novemba Rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zipewe Wazaire. Mashamba ya walowezi wa Masisi yakawaangukia watu wenye majina, wenye jamaa Kinshasa, wenye fedha za kulipia hati. Wengi wao waliona pareto na kahawa ni usumbufu, wakapanda majani na kuleta ng'ombe. Ng'ombe hahitaji vibarua mia. Wachungaji wachache wanatosha. Na ardhi iliyozungushiwa ua na kujazwa ng'ombe haionekani kuwa tupu, kwa hiyo ni vigumu kunyang'anywa.

Hivyo ndivyo malisho ya Masisi yalivyopatikana. Miti ilikatwa, majani ya kikuyu, yale yenye asili ya nyanda za juu za Kenya, yakaenea kama zulia, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ndefu wakachanganywa na mbegu za Ulaya: wale weusi na weupe wa Uholanzi, na wale wa kahawia wa milima ya Alpi. Wafugaji wakubwa wakaunda ushirika wao, ACOGENOKI. Maziwa yakawa mengi kuliko yalivyowahi kuwa tangu kumbukumbu za wazee.

Kisha tatizo likajitokeza, tatizo ambalo kila mfugaji wa mlimani analijua. Maziwa hayangoji. Ng'ombe akikamuliwa alfajiri, kufikia jioni maziwa lazima yawe yamenywewa, yamechachuka au yamemwagwa. Soko liko Goma, na kati ya zizi na Goma kuna matope. Mvua za Masisi ni za karibu mwaka mzima. Lori likikwama juu ya Sake, madumu ya maziwa yanakwama nalo. Watu wa huku walikuwa na njia yao ya kale: kuyagandisha yawe mashanza, kuyasukasuka kibuyuni, kutoa siagi. Lakini mashanza nayo yana siku zake.

Jibini lilikuwa jibu la barabara mbovu. Lita kumi za maziwa zinatoa takribani kilo moja ya jibini. Mzigo unapungua mara kumi, na kitu ambacho kingeharibika kabla ya jua kuzama kinaweza kukaa wiki kadhaa. Mtu mmoja anabeba mabegani kile ambacho kama maziwa kingehitaji gari. Katika miaka ya 1970 mapadre wa Kikatoliki kutoka Ulaya walianza kulitengeneza na kuwafundisha vijana wa huku, na ujuzi ukatoka misheni ukaingia mashambani.

Hapa inafaa kuitaja Mokoto. Mwaka 1954 wamonaki wa Kitrapisti kutoka abasia ya Scourmont, Ubelgiji, walijenga monasteri kando ya maziwa ya Mokoto, upande wa kaskazini wa Masisi, mahali pazuri kuliko hata picha zake. Scourmont ndiko wanakotengeneza bia ya Chimay, na jibini wamelitengeneza huko tangu karne ya 19. Wamonaki hao huamini kwamba mtu wa sala lazima ale jasho lake. Mokoto wakawa na shamba na kundi la ng'ombe, na kwa miaka 40 monasteri ikawa kisiwa cha utulivu, chenye shule na zahanati jirani.

Namna ya kulitengeneza jibini lenyewe haijabadilika sana. Maziwa mabichi, ambayo hayajatolewa mafuta, humiminwa kwenye sufuria pana na kupashwa moto wa kuni, mara nyingi za mkaratusi, mpaka yawe na joto kama la mwili wa mtu. Huongezwa dawa ya kugandisha, ambayo hununuliwa kutoka nje ya nchi. Ikikosekana mjini, kazi yote inasimama. Maziwa yanapoganda hukatwakatwa kwa kisu kirefu, yakakorogwa taratibu, na majimaji ya rangi ya kijani hafifu yakatenganishwa. Majimaji hayo hupewa nguruwe. Kilichobaki hutiwa kwenye vyombo vya mviringo na kukandamizwa kwa uzito, kisha hulala ndani ya maji ya chumvi, kisha hupandishwa kwenye mbao. Hapo ndipo penye kazi isiyosifiwa: kila jibini hugeuzwa mara kwa mara, hufutwa, huchunguzwa kama limeota ukungu mbaya. Baridi ya mlima ndiyo jokofu. Umeme hakuna, na hauhitajiki.

Kinachotoka ni mviringo wa manjano hafifu, laini, wenye ladha ya upole inayokaribia Gouda changa ya Kiholanzi. Mlaji wa Ulaya aliyezoea jibini kali anaweza kuliona la kitoto. Ni shauri lake. Likikatwa vipande na kuliwa na mkate wa moto wa Goma na chai ya maziwa, silioni pungufu la kitu. Wenyewe wanaliita fromaji.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Masisi ilikuwa nchi ya ng'ombe kweli. Halafu, tarehe 20 Machi 1993, watu walishambuliwa sokoni Ntoto, huko Walikale, na moto ukapanda mlima kuingia Masisi. Chanzo kilikuwa kile kile kilichoachwa wazi 1957: ardhi ni ya nani, na nani ana haki ya kupiga kura katika demokrasia iliyokuwa ikibisha hodi. Maelfu waliuawa kwa mapanga na mishale, vijiji vikachomwa, watu wakakimbia kila upande. Mwaka uliofuata, Julai 1994, wakimbizi wapatao 850,000 wa Rwanda waliingia Goma katika muda wa siku chache, na pamoja nao jeshi lililoshindwa na wanamgambo waliokuwa wametoka kufanya mauaji ya kimbari. Kambi za Mugunga, Kibumba na Katale zilihitaji nyama. Ng'ombe wa Masisi wakaliwa, wakaibwa, wakavushwa mpaka. Kundi lililojengwa kwa miaka 20 likateketea katika miaka mitatu.

Mokoto haikusalimika. Mamia ya Watutsi wa Masisi walikuwa wamekimbilia monasteri wakiamini kuta za Mungu zitawakinga. Mei 1996 washambuliaji waliingia na kuua hadi ndani ya kanisa. Wamonaki wakaondoka, jumuiya ikajipanga upya Goma. Mwaka huo huo vita kubwa ya Kongo ilianza, na kwa muda jibini la Masisi lilikuwa kumbukumbu tu.

Lakini ng'ombe walirudi. Walirudi kidogo kidogo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, wengi wakiwa mali ya wenye nguvu wapya: wanajeshi, wanasiasa, wafanyabiashara wa Goma. Waliojua kugandisha maziwa hawakuwa wameisha wote, na walionusurika waliwafundisha wengine. Karakana ndogo za jibini, nyingi zikiwa vibanda vya mbao vyenye paa la bati, zikafunguka upya milimani. Kutoka huko jibini lilishuka Sake kwa pikipiki, kwa lori au kwa chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali ambayo Goma imeijengea sanamu katikati ya mji. Kutoka Goma lilipanda ndege hadi Kinshasa, zaidi ya kilomita 1500, likauzwa huko kwa bei ambayo aliyekamua ng'ombe hawezi kuiota.

Njiani kuna vizuizi. Mwaka 2017 taasisi ya IPIS ya Ubelgiji ilichora ramani ya vizuizi vya barabarani Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, ikahesabu karibu 800. Kila kamba iliyovutwa katikati ya barabara ina mtu wake, awe mwenye sare au asiye na sare, na kila mtu ana bei yake. Jibini linalipa, viazi vinalipa, hata mama mwenye mzigo wa kuni analipa. Walikale, jirani wa magharibi, wenye madini ya bati walipata njia ya kuruka kero hiyo: kwa miaka mingi ndege zilitua Kilambo juu ya kipande cha barabara ya lami, zikapakia mawe ya mgodi wa Bisie, zikaruka. Mawe yakasafiri kwa ndege na chakula kikaenda kwa miguu.

Nimetaja viazi, na itakuwa dhuluma kuvipita. Mashamba ya juu ya Masisi yanalisha Goma kwa viazi, maharagi, kabichi na karoti, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Mara nyingi wanalima kwenye miteremko mikali mno, ambako udongo hukimbia na mvua, kwa sababu sehemu tambarare na zile za taratibu ziko ndani ya ua wa mashamba ya ng'ombe. Baadhi yao hukodi kipande kwa mwenye shamba na kulipa kwa siku za kazi. Kwa hiyo mtu asishangae akikuta mkulima wa huku haoni fahari yoyote katika jibini. Kwake ng'ombe ni mnyama aliyemsukuma mlimani. Anayetaka kuitangaza Masisi kwa watalii kwa picha ya nyasi na ng'ombe ajue kwamba picha hiyo ina watu waliokatwa pembeni.

Na watalii wamewahi kuja. Hifadhi ya Albert, ya kwanza barani Afrika kwa mujibu wa wengi, ilianzishwa 1925 upande wa volkano. Tangu 1969 inaitwa Virunga. Mwaka 1979 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huo huo, katika orodha hiyo hiyo, ziliingia pia sehemu za nchi ambayo leo ni Korasia, katika rasi ya Balkani, miongoni mwao mji wa kale wa Dubrovnik na maziwa ya Plitvice, yale yanayomwagikiana kwa maporomoko katikati ya msitu. Kisha vita vikafika kote. Watu wa kwanza kufa katika vita vya Korasia walikufa Plitvice, Machi 1991. Dubrovnik ulipigwa mizinga vikali Desemba mwaka huo. Zote mbili zikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Virunga ikafuata 1994.

Plitvice ilitoka kwenye orodha hiyo ya hatari mwaka 1997, Dubrovnik 1998. Virunga imo hadi leo, na zaidi ya askari 200 wa hifadhi wameuawa tangu ilipoanzishwa. Korasia nayo ina jibini lake maarufu, la kisiwa cha Pag, la maziwa ya kondoo wanaokula majani yaliyotiwa chumvi na upepo wa bahari. Siku hizi jina hilo linalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya: jibini lisilotoka Pag haliruhusiwi kujiita la Pag. Mtalii anayezuru Plitvice analikuta hotelini, limeandikwa jina la kisiwa chake.

Wapo wanaosema tofauti ni bidii. Mtu aliyeona wanaume wakisukuma chukudu yenye magunia kupandisha mlima hawezi kusema hivyo. Vita vya Korasia vilikwisha 1995, barabara zikajengwa, na nyuma ya jina la jibini kukawa na mahakama. Masisi haijapata hata kimoja kati ya hivyo vitatu. Jibini lake linauzwa kwa jina la mji usio na zizi, na mtu yeyote mwenye sufuria popote anaweza kuandika juu ya karatasi kwamba lake ni la Goma.

Mambo yalizidi kuharibika hivi karibuni. Februari 2023 waasi wa M23 walifika Mushaki na Karuba. Mwezi uliofuata wanajeshi wa Burundi, chini ya kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, waliletwa kusimama kati ya pande mbili, Karuba ikiwa mojawapo ya vituo vyao. Desemba kikosi hicho kikaondoka na vita vikarejea. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 iliikamata Rubaya, mji jirani wa coltan, wenye madini yanayoingia kwenye simu za dunia nzima. Januari 2025 Sake ilianguka, kisha Goma. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, na ile njia ya angani iliyokuwa ikipeleka jibini Kinshasa ikakatika. Februari kambi za wakimbizi wa ndani kandokando ya Goma zilivunjwa, na watu wa Karuba, Mushaki na Ngungu wakaambiwa warudi makwao. Wapo waliorudi wakakuta mashamba yana magugu. Wapo waliokuta yana ng'ombe wa watu wengine.

Siku barabara ya Sake itakapofunguka bila kamba, kutakuwa na haraka ya kuleta wageni: nyumba za kulala milimani, safari za Mokoto, vipeperushi vyenye neno Uswisi. Sipingi. Naomba tu mpangilio uwe mwingine. Kwanza hati za ardhi zichunguzwe hadharani, na za kimila zipewe nguvu ya sheria, ili anayelima viazi na anayechunga wajue mpaka wao uko wapi. Pili jina la jibini la Masisi lisajiliwe, liwe mali ya wanaolitengeneza, pamoja na wale wa vibanda vya bati wasio na ng'ombe wao wenyewe. Wageni wafuate baada ya hayo.

Nawe msomaji wa Kinshasa, Bukavu, Bujumbura au Nairobi, ukiona mviringo wa manjano umeandikwa Goma, muulize muuzaji limetoka mlima gani, na nani aliyelitengeneza. Asipojua, mwambie aende akaulize kabla hujatoa pesa.